Hapa ni Kisii au Nyamira? Jinsi ya kuifanya programu itaje mji

Mji wa Keroka umekaa juu ya mpaka. Sehemu yake moja iko Nyaribari Masaba, kaunti ya Kisii. Nyingine iko Kitutu Masaba, kaunti ya Nyamira. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, serikali hizo mbili zimevutana kuhusu nani atoze ushuru wa soko. Simu iliyo mkononi mwa mwendeshaji bodaboda aliyesimama pale haijui lolote kuhusu mvutano huo. Inachopata kutoka kwa setilaiti ni namba mbili, latitudo na longitudo, takriban −0.78 na 34.95. Namba hizo hazisemi Kisii, hazisemi Nyamira, wala hazisemi Keroka. Anayezigeuza kuwa jina ni mtu aliyeandika programu, na akikosea, anayeumia ni yule anayesubiri mzigo, gari la wagonjwa au malipo.

Gusii, yaani kaunti hizi mbili za Kisii na Nyamira, ni mahali pazuri pa kujifunzia kazi hii, kwa sababu njia za mkato zinazofaa kwingineko hukwama hapa mapema. Mji haukomi ndipo mashamba yaanze. Nyumba zimetandazwa juu ya vilima kutoka soko moja hadi jingine. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,323, na watu 605,576 katika Nyamira, yenye kilomita za mraba 897. Hiyo ni wastani wa watu 957 kwa kila kilomita ya mraba upande wa Kisii. Penye msongamano wa namna hiyo, kosa la kilomita mbili huhamisha maelfu ya watu kutoka mji mmoja hadi mwingine, na wakati mwingine kutoka kaunti moja hadi nyingine.

Wanaohitaji jina sahihi ni wengi. Lori la majani chai mabichi hupita vituo vingi vya kupimia kabla ya kufika kiwandani, iwe ni Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Gianchore au Nyansiongo kwa upande wa Nyamira, ama Kiamokama, Nyamache, Itumbe au Ogembo kwa upande wa Kisii. Wachongaji wa Tabaka hutuma vinyago vya mawe laini hadi ng'ambo. Wahudumu wa afya ya jamii hujaza taarifa za kila boma kwenye simu. Wote hao huzalisha nukta za ramani, na mkuu wao ofisini hataki kusoma nukta. Anataka kusoma jina la mahali.

Basi kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu, amua ni jina gani unalolitafuta. Mtu akiuliza "hapa ni wapi?" huenda anauliza mambo matatu tofauti. Anaweza kutaka kujua nukta iko ndani ya mpaka gani: kaunti, eneobunge, wadi. Anaweza kutaka kujua mji au soko lililo karibu zaidi. Au anataka jina ambalo wenyeji wenyewe hutumia wanapoelekezana. Majibu ya maswali hayo mara nyingi hayalingani, na programu nyingi huharibika kwa sababu mwandishi wake aliyachanganya akayapa safu moja kwenye hifadhidata. Ushauri wa mwongozo huu ni mmoja: kaunti itafutwe kwa mpaka, mji utafutwe kwa umbali, na namba asilia zitunzwe kando bila kuguswa.

Tahadhari ya kwanza inahusu neno "jiji". Huduma nyingi za ramani zina sehemu ya majibu iliyotengewa jiji, na mwanaprogramu mgeni huisoma hiyo peke yake. Kenya ina majiji matano tu: Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru lililopandishwa hadhi mwaka 2021, na Eldoret mwaka 2024. Gusii haina hata moja. Ukiiambia programu itafute jiji lililo karibu na Kisii, itajibu Kisumu, zaidi ya kilomita 60 kwa mstari wa moja kwa moja, na itakuwa imetii agizo lako barabara. Soma sehemu hizo kwa zamu: jiji, likikosekana mji, kisha kijiji, kisha mtaa au kitongoji. Usitegemee pia kwamba daraja lililoandikwa kwenye ramani ya OpenStreetMap linafuata sheria ya Kenya kuhusu miji. Wachoraji wa ramani hiyo ni watu wa kujitolea, nao hupima ukubwa wa mahali kwa kuangalia umuhimu wake kwa majirani.

Sasa zikague namba zenyewe. Kisii na Nyamira ziko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo latitudo yake huanza na alama ya kutoa. Mji wa Kisii uko karibu na −0.68, 34.78. Alama hiyo ikidondoka wakati wa kunakili kutoka jedwali moja hadi jingine, nukta inavuka Ikweta na kuangukia 0.68, 34.78, yaani kaunti ya Bungoma, kilomita chache kaskazini mwa Webuye. Ubaya wa kosa hili ni kwamba jibu linafanana na ukweli. Bado ni Kenya, bado ni magharibi, na jina lililorudishwa ni la mji halisi. Hakuna ujumbe wa hitilafu utakaotokea.

Kosa la pili ni kubadilisha nafasi za namba. Faili za GeoJSON huandika longitudo kwanza, latitudo baadaye, na kanuni hiyo imewekwa kwenye waraka wa RFC 7946 wa mwaka 2016. Huduma ya Google hupokea latitudo kwanza. Amri ya ST_MakePoint ya PostGIS hupokea longitudo kwanza, na hivyo hivyo nukta za maktaba ya Shapely katika Python. Ukizigeuza namba za Kisii, unapata latitudo 34.78 na longitudo −0.68: nyanda za magharibi mwa Algeria, kusini mwa mji wa Sidi Bel Abbès. Hili angalau hujitokeza haraka, kwa kuwa hakuna boda ya Suneka inayofika Algeria.

Kuna pia nukta ya sufuri, sufuri. Simu iliyoshindwa kupata setilaiti, au fomu iliyojazwa kwa pupa, huacha sufuri mbili, na mahali hapo ni baharini katika Ghuba ya Guinea. Futa sufuri hizo kabla hazijaingia kwenye hesabu, usizitafutie jina.

Wale wanaonakili kutoka ramani za karatasi wana mitego yao. Kisii ikiandikwa kwa digrii na dakika ni 0°41′ kusini. Dakika 41 si 0.41, gawanya kwa 60 upate 0.683. Anayeandika −0.41 ameisogeza nukta kama kilomita 30 kaskazini, nje kabisa ya Gusii. Ramani nyingi za zamani za Idara ya Upimaji ya Kenya hutumia mfumo wa Arc 1960, ilhali GPS ya simu hutumia WGS 84. Namba za mahali pamoja katika mifumo hiyo miwili hutofautiana kwa takriban mita 300. Kwa msimbo wa EPSG, WGS 84 ni 4326, na Arc 1960 yenye gridi ya eneo hili ni 21036. Mita 300 hazitakupeleka mji mwingine ukiwa katikati ya Kisii, lakini kwenye soko la mpakani zinatosha kukuvusha.

Kinga rahisi dhidi ya makosa makubwa kati ya haya ni sanduku. Kabla ya kutafuta jina lolote, programu iulize: je, latitudo iko kati ya −1.1 na −0.4, na longitudo kati ya 34.4 na 35.2? Sanduku hilo linazifunika Kisii na Nyamira pamoja na kingo za majirani. Nukta iliyo nje yake irudishwe kwa aliyeituma, au iwekwe kando ikaguliwe na mtu. Mistari miwili ya programu inatosha, nayo hunasa Webuye, Algeria na Ghuba ya Guinea kwa mpigo.

Njia inayowavutia wengi ni kuiuliza huduma iliyo kwenye intaneti. OpenStreetMap ina huduma iitwayo Nominatim. Unaitumia latitudo, longitudo na muundo wa jibu unaoutaka, kwa anwani kama hii:

nominatim.openstreetmap.org/reverse?lat=-0.68&lon=34.78&format=jsonv2&zoom=12&accept-language=sw

Kigezo cha zoom ndicho kinachoamua ukubwa wa mahali: 10 ni ngazi ya jiji, 12 ya mji, 13 ya kijiji, na 18 ya jengo. Ukiacha 18 ambayo ndiyo ya kawaida, unaweza kujibiwa jina la duka au shule. Seva hiyo ya umma ina masharti: isizidi ombi moja kwa sekunde, programu ijitambulishe kwa jina lake halisi katika kichwa cha ombi, majibu yahifadhiwe ili swali lile lile lisirudiwe, na OpenStreetMap itajwe kama chanzo. Masharti hayo yaheshimiwe, kwa maana seva inaendeshwa kwa michango. Mwenye nukta elfu kumi za vituo vya chai aisimike Nominatim kwenye mashine yake mwenyewe, au atumie njia nyingine zinazofuata.

Jambo la kuelewa kuhusu Nominatim ni kwamba haipimi umbali hadi mji. Hutafuta kitu cha ramani kinachofaa kilicho karibu na nukta yako, kisha hurudisha anwani ya kitu hicho. Nukta ikiwa shambani Bobasi, na kitu cha karibu kilichochorwa kiko ng'ambo ya bonde, anwani itakuwa ya ng'ambo ya bonde. Tena, kila nchi imepanga ngazi zake za utawala kwa namna yake, kwa hiyo usidhani kwamba sehemu ya jibu yenye jina linalofanana na kaunti ndiyo kaunti ya Kenya. Tuma nukta za majaribio, moja katikati ya mji wa Kisii na moja Nyamira mjini, utazame jina la kaunti limeangukia sehemu gani, ndipo uandike programu.

Google nayo ina huduma ya aina hii. Inadai ufunguo na akaunti yenye njia ya malipo, na masharti yake yanazuia kuhifadhi majibu upendavyo, jambo linalomsumbua mtu anayetaka kujenga kumbukumbu ya kudumu. Kwenye simu za Android kuna darasa la Geocoder lenye amri ya getFromLocation. Jina la mji husomwa kwa getLocality, na hapa ndipo programu nyingi za mashambani huanguka: amri hiyo huweza kurudisha utupu. Andika njia mbadala kila mara. Kuanzia Android 13, tumia aina mpya ya amri hiyo ambayo hurudisha jibu baadaye bila kuisimamisha skrini.

Intaneti, hata hivyo, haipatikani kila bonde la Gusii, na bando hugharimu pesa. Programu ya kituo cha chai inapaswa kujua iko wapi hata mtandao ukipotea. Kwa hilo, beba orodha yako mwenyewe.

Chanzo kizuri cha kuanzia ni GeoNames, inayogawa faili huru kwa leseni inayoruhusu matumizi ya biashara mradi itajwe. Ipo faili ya Kenya nzima, yenye jina KE, na zipo faili za miji ya dunia zilizochujwa kwa idadi ya watu: 500, 1,000, 5,000 na 15,000. Usichukue ile ya 15,000 kwa kazi ya Gusii. Itakuachia majina machache mno. Chukua faili ya Kenya, chuja mistari ambayo safu ya saba ina herufi P, alama ya mahali wanapoishi watu, kisha ipitishe kwenye sanduku lililotajwa hapo juu. Katika kila mstari, jina liko safu ya pili, majina mengine ya mahali hapo safu ya nne, latitudo ya tano na longitudo ya sita.

Baada ya hapo ni hesabu ya umbali tu. Dunia ni duara, kwa hiyo kanuni inayotumika ni ile ya haversine, ikichukua nusu kipenyo cha dunia kuwa kilomita 6,371. Katika Python inaandikwa hivi:

from math import radians, sin, cos, asin, sqrt

def umbali(lat1, lon1, lat2, lon2):
    a = sin(radians(lat2 - lat1) / 2) ** 2
    b = cos(radians(lat1)) * cos(radians(lat2)) * sin(radians(lon2 - lon1) / 2) ** 2
    return 2 * 6371 * asin(sqrt(a + b))

miji = [("Kisii", -0.68, 34.78), ("Nyamira", -0.56, 34.94)]
jina = min(miji, key=lambda m: umbali(-0.78, 34.95, m[1], m[2]))[0]

Kwa majina mia chache ya Gusii, kompyuta humaliza kabla hujakunja kidole. Ukitaka kuifunika dunia nzima ndipo utahitaji mti wa k-d, na maktaba ya reverse_geocoder ya Python tayari imeujenga juu ya data za GeoNames.

Lakini endesha mistari hiyo utazame inachojibu. Nukta iliyotumika ni ya Keroka, na miji iliyomo kwenye orodha ni makao makuu ya kaunti mbili. Kutoka Keroka hadi Kisii mstari wa moja kwa moja ni kama kilomita 22. Hadi Nyamira ni kama kilomita 24 na nusu. Programu itasema Kisii, hata mtu akiwa amesimama upande wa Nyamira. Ukiongeza Keroka yenyewe kwenye orodha, jina la mji linakuwa sahihi, lakini kaunti bado haijulikani. Hali ni mbaya zaidi huko Borabu, kaunti ya Nyamira. Soko la Chepilat liko mpakani mwa Nyamira na Bomet, katika barabara ya kutoka Keroka kwenda Sotik, na kwa anayetafuta mji mkubwa wa karibu jibu ni Sotik, ulio kaunti ya Bomet. Mkazi wa Nyamira ameandikwa Bomet kwa sababu ya hesabu iliyofanywa vizuri kabisa. Mpaka huo umewahi kushuhudia uhasama baina ya jamii mbili, na si mahali pa kuandika kaunti kwa kubahatisha.

Ubora wa orodha nao uangaliwe. Nukta nyingi za zamani ndani ya GeoNames zilikadiriwa hadi dakika kamili ya digrii. Dakika moja ni karibu kilomita 1.85. Gusii ina masoko yaliyoachana kwa kilomita tatu au nne, kwa hiyo kosa hilo linatosha kulipa soko moja wateja wa jingine. Chagua masoko yanayohusu kazi yako, nenda ukasimame katikati ya kila moja na simu, urekebishe namba. Ni kazi ya siku chache, na hakuna huduma ya kulipia itakayoifanya kwa uangalifu kama mtu anayelijua soko.

Kaunti, eneobunge na wadi zinahitaji mipaka iliyochorwa. Mipaka ya utawala ya Kenya hupatikana katika hazina ya data ya HDX inayosimamiwa na ofisi ya misaada ya kibinadamu ya Umoja wa Mataifa, na pia katika mradi wa geoBoundaries. GADM ni maarufu, lakini leseni yake hairuhusu biashara. Tazama tarehe ya faili. Zile zilizochorwa kabla ya Katiba ya 2010 hutaja Mkoa wa Nyanza na wilaya zake, na programu itawaandikia watu mikoa ambayo haipo tena. Maeneobunge 290 na wadi 1,450 zilizopo zilichorwa na tume ya uchaguzi, IEBC, mwaka 2012, na Katiba inaitaka tume hiyo kuyapitia maeneo hayo kila baada ya miaka 8 hadi 12, kwa hiyo jiandae kubadilisha faili. Kwa upande wa Gusii, Kisii ina maeneobunge 9 na Nyamira 4.

Kujua kama nukta iko ndani ya mpaka ni kanuni ya zamani na nyepesi. Kutoka kwenye nukta, programu huvuta mstari ulionyooka kuelekea upande mmoja, ikahesabu mara ngapi mstari huo unaukata mpaka. Ikiwa ni mara witiri, nukta iko ndani. Ikiwa ni shufwa, iko nje. Hulazimiki kuiandika mwenyewe: PostGIS ina ST_Contains, na GeoPandas huunganisha jedwali zima la nukta na mipaka kwa amri ya sjoin. Kagua tu kama faili yako haikurahisishwa kupita kiasi. Wengine hunyoosha kona za mipaka ili faili iwe ndogo, na kona zilizonyooshwa ndizo zinazopita katikati ya masoko.

Kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: simu yenyewe ina uhakika kiasi gani? Pamoja na latitudo na longitudo, simu hutoa kipimo cha usahihi kwa mita. Mahali peupe inaweza kuwa mita 5. Chini ya migomba, bondeni au ndani ya nyumba ya mabati huongezeka, na ikikadiria kwa minara ya simu pekee huweza kufika kilomita kadhaa. Pima umbali kutoka kwenye nukta hadi mpaka wa kaunti. Ukiwa mdogo kuliko kipimo cha usahihi, programu isiamue. Imwonyeshe mtumiaji majina mawili achague mwenyewe. Katika Keroka, Chepilat, na ukingo wa eneobunge la Bonchari kuelekea Rongo, swali fupi kwenye skrini lina thamani kuliko kanuni yoyote ya hesabu.

Majina nayo yana mitego, na ya Gusii yamebeba historia ya koo. Borabu ni eneobunge la Nyamira, lakini Bomachoge Borabu iko Kisii. Kitutu Masaba ni ya Nyamira. Nyaribari Masaba ni ya Kisii. Na kuna kaunti ndogo ya Masaba Kaskazini upande mmoja na Masaba Kusini upande wa pili. Mugirango Magharibi na Mugirango Kaskazini ziko Nyamira, ilhali Mugirango Kusini iko Kisii. Programu inayotafuta kaunti kwa kulinganisha maneno, ikaona "Masaba" au "Mugirango" na kuridhika, itakosea kila siku. Jina liandikwe kamili, likiambatana na msimbo wa kaunti. Wenyeji nao huuita mji wa Kisii Getembe, na mtumiaji akiandika hivyo kwenye kisanduku cha kutafutia, programu inapaswa kumwelewa.

Hata misimbo inadanganya asiyekuwa makini. Katika orodha ya Katiba, Kisii ni kaunti ya 45 na Nyamira ni ya 46. Katika kiwango cha kimataifa cha ISO 3166-2, kinachofuata alfabeti, Kisii ni KE-16 na Nyamira ni KE-34, huku KE-45 ikiwa Vihiga na KE-46 ikiwa Wajir. Anayeunganisha data za serikali na data za kampuni ya kigeni kwa namba peke yake atawapeleka wakulima wa chai wa Nyamira hadi Wajir. Andika kwenye jina la safu ni msimbo wa orodha ipi.

Kuhusu desimali, digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111, na karibu na Ikweta longitudo nayo ni vivyo hivyo. Desimali mbili hukufikisha ndani ya kilomita moja hivi, nne ndani ya mita 11, tano ndani ya mita moja. Kwa kutaja mji, tatu zinatosha. Tano humtaja mtu, kwa kuwa huonyesha mlango wa nyumba. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 huhesabu mahali alipo mtu kuwa miongoni mwa mambo yanayoweza kumtambulisha. Taarifa ya mgonjwa inayotoka zahanati kwenda ofisi ya kaunti inahitaji jina la wadi tu, na namba kamili zibaki mahali salama, kwa wale wenye haki ya kuziona. Programu yenye uwezo wa kugeuza namba kuwa jina ndiyo inayompa mwandishi wake nafasi ya kuwalinda watu namna hiyo, na asiipoteze.

Kabla ya kuikabidhi programu kwa wenye kazi, ijaribu kwa nukta ambazo jibu lake unalijua kwa macho: Gusii Stadium mjini Kisii, makao makuu ya kaunti pale Nyamira, soko la Ogembo, kiwanda cha Kebirigo, pande zote mbili za Keroka, na pande zote mbili za Chepilat. Ongeza nukta tatu za nje: Oyugis iliyo Homa Bay, Rongo iliyo Migori, Sotik iliyo Bomet. Programu ikisema Oyugis ni Kisii, rudi kwenye mipaka, si kwenye umbali.

Na ukikuta soko ambalo halimo kwenye ramani, liongeze OpenStreetMap. Akaunti ni bure, na jina utakaloweka litaweza kutumiwa na kila programu inayoisoma ramani hiyo. Liandike kama lilivyo kwenye kibao cha soko, na kabla ya kubonyeza hifadhi, waulize wenye maduka wako upande gani wa mpaka.